Sipiyu imegoma kuwaka: maswali yenu na majibu

Mkuu, kompyuta yangu ya mezani nikibonyeza batani hamna kitu, si feni si taa, na jana ilikuwa freshi tu. Ninunue pawa sapulai mpya? (Morogoro)

Usitoe hela kwanza. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama kuna umeme, afu chukua kebo ya monita uihamishie kwenye sipiyu maana mara nyingi zinafanana. Plagi zetu hizi za miguu mitatu zina fyuzi ndani, ikiungua unaiona kebo nzima kabisa kumbe haipitishi kitu. Angalia na ile swichi ndogo nyuma ya sapulai (kile kiboksi kinachoingiza umeme kwenye sipiyu) yenye I ya kuwasha na O ya kuzima, mtu akipitisha kitambaa cha vumbi anaigusa inaenda O, hapo nyumba nzima mnaanza kulaumu virusi. Kama bado kimya, chomoa umeme, shikilia batani ya kuwashia kama sekunde 30, rudisha ujaribu. Hiyo inasaidia hasa umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, sapulai zikistuka zinajifunga mpaka chaji ya ndani iishe.

Fundi, mtu wa duka ananiambia mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani) imekufa na anataka pesa ya nyingine. Nitahakikishaje si uongo? (Mombasa)

Swali zuri, maana ndo hapa watu wengi wanaliwa. Chomoa umeme, toa plagi ile kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi, tafuta waya wa kijani, uko mmoja tu, uuunganishe na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, ndo uchomeke umeme. Feni ya sapulai isipozunguka basi tatizo ni sapulai, mazabodi inasingiziwa (ingawa ziko chache ambazo feni inasubiri joto, kwa hiyo ukiwa na mita ya kupimia volti pima kabisa). Njano na nyeusi volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, ikipishana zaidi ya asilimia 5 siyo nzima. Na waya wa zambarau unatakiwa uwe na volti 5 muda wote hata kompyuta ikiwa imezimwa, bila hiyo batani ya mbele utaibonyeza mpaka kesho. Kama nyaya zote ni nyeusi usibahatishe, mpe anayezijua pini. Halafu ukiwa na Dell OptiPlex 3020, 7020 au 9020, hizi zimejaa maofisini, plagi yake ni pini 8 siyo 24, kwa hiyo sapulai ya kawaida haiingii bila adapta. OptiPlex nyingi zina kibatani kidogo nyuma ya sapulai, kibonyeze, taa ya kijani ikiwaka sapulai iko hai. Isipowaka, chomoa nyaya zote zinazoenda ndani urudie, ikiwaka sasa ujue kuna kitu ndani kinapiga shoti.

Nimeletewa sipiyu ya mtumba kutoka Marekani, kuchomeka tu ikalia paa! na moshi juu. (Dodoma)

Pole sana. Sapulai za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti, 115 na 230, na ya kwako ilikuwa 115 ya kwao wakati umeme wetu ni 230. Badilisha sapulai, mara nyingi vingine vinapona. Ila sapulai yenyewe usiifungue kuchungulia, kapasita za ndani (vile vikopo vinavyohifadhi chaji) zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa.

Yangu inawaka sekunde moja inazima, inawaka inazima, hivyohivyo. (Arusha)

Huo ni umeme upo ila kuna kinachoikera. Chomoa kila kitu cha USB, angalia na matundu ya USB ya mbele kama pini zimepinda zikagusana. Toa ramu (vile vibao virefu vya kumbukumbu) zote, futa miguu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha moja tu, ikigoma ihamishe tundu. Kama kuna mtu aliifungua karibuni, tafuta skrubu iliyodondokea chini ya mazabodi, na hakikisha ile plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa imeingia.

Kaka, eti betri ya saa ikifa kompyuta haiwaki? (Dar)

Mara nyingi inawaka tu, inachopoteza ni tarehe. Zipo mazabodi chache zinazogoma, kwa hiyo weka CR2032 mpya, ndo hiyo betri ya duara kwenye mazabodi, ni bei ndogo, na ya zamani itoe umeme ukiwa umechomolewa, ukae dakika kadhaa kabla ya kuweka mpya ili mipangilio ya zamani ifutike.