Je, kifaa cha usikivu kitamkinga mama na ugonjwa wa kusahau?

Swali: Mama yangu ana miaka 74, ana kisukari na presha. Amepimwa, na masikio yote mawili yameonekana yameshuka hadi desibeli 45. Siku hizi ukimwambia jambo leo, kesho halikumbuki. Nimesoma kwamba vifaa vya usikivu hupunguza kasi ya kupoteza kumbukumbu kwa asilimia 48. Ni kweli? Na vile vya kukuza sauti vinavyouzwa madukani vinatosha?

Jibu: Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini haimhusu kila mzee. Ilitoka kwenye utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, ulioongozwa na Frank Lin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kuchapishwa mwaka 2023. Wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa vifaa pamoja na ushauri wa kuvitumia, wengine wakapewa elimu ya afya tu. Baada ya miaka 3, ukiwajumlisha wote, hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili katika kushuka kwa uwezo wa akili.

Tofauti ilionekana kwa wazee 238 waliokuwa tayari wakifuatiliwa kwa miaka mingi katika utafiti wa magonjwa ya moyo. Umri wao ulikuwa mkubwa zaidi, kisukari na presha vilikuwa vingi zaidi kwao, na alama zao za vipimo vya akili zilikuwa chini tangu mwanzo. Ni kwao ndiko vifaa vilipunguza kwa asilimia 48 kasi ya kushuka kwa uwezo wa akili. Wale 739 waliobaki walikuwa watu wa kujitolea wenye afya njema, na akili zao zilishuka polepole mno kiasi kwamba miaka 3 ni michache kuonyesha lolote. Kwa maelezo yako, mama anafanana zaidi na wale 238. Hilo halikupi hakikisho, lakini linatosha kukufanya usichelewe.

(Kama umekutana na utafiti mwingine wa 2023 uliotumia takwimu za Uingereza, uache. Waandishi wenyewe waliuondoa baada ya kugundua kwamba kundi la wenye vifaa na la wasio navyo yalibadilishana nafasi kwenye uchambuzi.)

Sasa jambo linalonigusa zaidi. Je, una hakika mama anasahau? Mtu hawezi kukumbuka asichokisikia. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida huanza kupotea kwenye sauti nyembamba kama s, f na sh, hivyo "fika" na "shika" humfikia zikiwa kitu kimoja. Akili yake inatumia nguvu nyingi kukisia neno, na inabaki na nguvu kidogo ya kulihifadhi. Akichoka kukisia, anaacha kuzungumza na watu, na upweke nao unaidhoofisha akili. Hata kipimo cha kumbukumbu, maneno yake husomwa kwa sauti! Omba apimwe akiwa ameshasafishwa nta na amevaa vifaa. Wakati huohuo daktari aangalie damu: akitumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, vitamini B12 inaweza kushuka, na upungufu huo nao huleta usahaulifu.

Vikuza sauti vya dukani sikushauri. Hupandisha kila kitu, sufuria na pikipiki pamoja na sauti yako, ilhali mama hajapoteza sauti zote kwa kiwango kimoja. Kifaa cha usikivu hupangwa kwa kufuata odiogramu yake, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo cha usikivu, kikiongeza pale palipopungua na kuzuia kelele kali zisimuumize. Kwa kuwa masikio yote mawili yameshuka, anahitaji viwili.

Wiki za kwanza ni ngumu, na hapo ndipo vifaa vingi huishia kabatini. Atalalamika kwamba sauti yake mwenyewe ni ngeni. Aanze na saa chache ndani ya nyumba tulivu, mkizungumza watu wawili, kisha aongeze mpaka avae kutwa nzima. Kifaa kikipiga mluzi, mara nyingi hakijakaa vizuri sikioni au kuna nta. Kama kinatumia betri za zinki, ukishabandua kibandiko subiri dakika moja hivi kabla ya kuiweka, maana inahitaji hewa ili ifanye kazi.

Kabla ya kulipa, uliza kama bei inajumuisha kurudi kurekebishiwa. Wazee wa ACHIEVE walikutana na mtaalamu mara nne mwanzoni, kisha kila baada ya miezi 6. Muuzaji asiyetoa huduma hiyo, tafuta mwingine.