Baba Anaumwa Tanga, Nami Niko Leicester: Je, Nisafiri?

(Safu hii iliandikwa Juni 2021, wakati wa janga la korona; kanuni na bei za karantini na za kuingia nchini zilizotajwa hapa ni za wakati huo, na sasa hazitumiki tena.) Tangu Serikali ya Uingereza iruhusu tena safari za nje tarehe 17 Mei 2021, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinatoka kwa wasomaji wetu wenye jamaa Afrika Mashariki, ambao hawajui kama wafunge mizigo au wasubiri. Juni hii ya 2021 tumechagua barua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna maswali ya wengi.

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ninaishi Leicester na watoto wangu wawili, mmoja ana miaka 13 na mwingine 7, na kibali changu cha ukaazi ni cha kudumu. Baba yangu mzazi, aliyeko Tanga, alipata kiharusi mwezi wa Machi, na ndugu zangu wananiambia kwamba kila siku anauliza nitafika lini. Nimekata tiketi ya Julai kupitia Doha, lakini kila mtu ana lake: mmoja anasema nitapigwa faini nikitoka Uingereza, mwingine anasema nikishachanjwa mara mbili sitawekwa karantini hotelini, na rafiki yangu ananishauri nirudi kwa kupitia Cairo, nikae huko siku 10, ili nisihesabiwe kuwa nimetoka Tanzania. Nimsikilize nani? – Z., Leicester

Dada Z., pole sana kwa maradhi ya mzee, Mwenyezi Mungu amjaalie nafuu.

Tuanze na faini, kwa sababu aliyekuambia hakuzua. Kuanzia tarehe 29 Machi mtu aliyetoka England kwenda nje ya nchi bila sababu inayokubalika kisheria aliweza kutozwa pauni 5,000, lakini kanuni hiyo ilikoma tarehe 17 Mei. Kwa sasa, Juni 2021, Serikali inashauri watu wasiende katika nchi zilizomo kwenye orodha nyekundu, yaani nchi ambazo anayetoka huko hulazimika kukaa karantini hotelini siku 10 kwa gharama yake, ila kwenda si kosa. Mzigo wote uko kwenye kurudi.

Tanzania iliwekewa zuio tarehe 22 Januari, saa kumi za alfajiri, siku moja tu baada ya tangazo, kwa hofu ya aina ya kirusi cha korona iliyogunduliwa kwanza Afrika Kusini, na hadi Juni hii ya 2021 haijatolewa kwenye orodha. Jambo la kushika ni hili: kanuni haiulizi kama umechanjwa, wala haiangalii ndege yako ya mwisho imetoka wapi, inauliza ulikuwa wapi, au ulipitia wapi, katika siku 10 kabla ya kuwasili. Kwa hiyo chanjo, ambayo nakusihi uipate kwa ajili ya afya yako na ya mzee, haitakuondolea hoteli. Vilevile kubadilisha njia hakutakusaidia. Qatar na Ethiopia ziliingizwa kwenye orodha tarehe 19 Machi, Kenya tarehe 9 Aprili, na Falme za Kiarabu zilizuiwa tangu Januari, kwa hiyo Doha, Addis Ababa, Nairobi na Dubai zote ni hali moja. Hata ukipitia Amsterdam, kwa kuwa Uholanzi haimo kwenye orodha, siku zako za Tanga zitahesabiwa. Usitoe pesa ya ziada kwa tiketi nyingine; baki na hiyo ya Doha.

Ushauri wa Cairo ndio ulionitia wasiwasi kuliko yote. Kukaa siku 10 katika nchi isiyo nyekundu kabla ya kurudi ni jambo linaloruhusiwa na sheria, na wapo waliofanya hivyo kupitia Istanbul na Cairo. Lakini Uturuki iliingizwa kwenye orodha tarehe 12 Mei, na Misri ikafuata tarehe 8 Juni. Mtu aliyekuwa katikati ya siku zake 10 Cairo tarehe hiyo ilipofika alilipia hoteli ya huko, kisha akalazimika kulipia na ya Uingereza. Mwenye pesa nyingi na muda mrefu anaweza kujaribu nchi nyingine. Mzazi mwenye watoto wa shule na kazi inayomsubiri, kwa maoni yangu, asijaribu. Na wale wanaosema jaza fomu tu kwamba hukufika Tanzania, waepuke kabisa: adhabu ya kuficha ulikotoka imetajwa kuwa inaweza kufika kifungo cha miaka 10.

Sasa gharama, kwa bei za Juni 2021. Mtu mzima mmoja anayetoka nchi nyekundu analipa pauni 1,750, ambazo ndani yake mna chumba, chakula, usafiri kutoka uwanja wa ndege na vipimo viwili, cha siku ya pili na cha siku ya nane. Anayelala naye chumba kimoja, mwenye umri unaozidi miaka 12, huongezwa pauni 650, na mtoto wa miaka 5 hadi 12 pauni 325. Ukienda na watoto wote wawili utalipa 2,725. Ukienda peke yako, 1,750. Kama unapokea misaada ya Serikali inayotolewa kwa kuangalia kipato, unaweza kuomba kulipa kwa awamu katika miezi 12, lakini ombi hilo hufanywa wakati wa kuweka nafasi ya hoteli, na nafasi huwekwa kabla hujapanda ndege ya kurudi. Utahitaji pia kipimo kilichochukuliwa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka Tanzania, pamoja na fomu ya abiria inayojazwa ndani ya saa 48 kabla ya kufika.

Hapo kwenye kipimo ndipo wengi wanapojisahau. Majibu yakionyesha una maambukizi, hutapanda ndege, hata kama hujisikii vibaya, na utakaa Tanzania hadi upone na upate majibu mengine. Unapoomba likizo, basi, usihesabu wiki mbili za Tanga peke yake: weka siku 10 kamili za hoteli baada ya siku ya kuwasili, kisha weka akiba ya siku nyingine ambazo mwajiri wako anajua huenda ukazihitaji, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi.

Upande wa Tanzania, mwongozo wa Wizara ya Afya ulioanza kutumika tarehe 4 Mei 2021 unataka cheti cha kipimo cha ndani ya saa 72 na kipimo cha haraka unapofika, na kuna karantini ya siku 14 kwa wanaotoka katika nchi zenye aina mpya za kirusi. Wasiliana na ubalozi wetu London katika wiki ya safari yako, si leo, ili upate maelezo ya wakati huo.

Umeniuliza ufanye nini, nami sitakwepa. Orodha hii hupitiwa kila baada ya wiki tatu, na hakuna mtu wa mtaani wala wakala wa tiketi anayeweza kujua itasemaje. Ureno iliwekwa kwenye orodha ya kijani, ya nchi ambazo anayetoka huko hakai karantini, watu wakaenda na familia zao, kisha Alhamisi tarehe 3 Juni ikatangazwa kwamba inaondolewa kuanzia Jumanne iliyofuata. Harusi inaweza kuisubiri orodha, likizo inaweza, biashara nyingine pia inaweza. Mzee aliyepata kiharusi hawezi kusubirishwa namna hiyo. Ihesabu hoteli kuwa sehemu ya nauli; kama pauni 1,750 zinapatikana bila kuwakosesha watoto kodi na chakula, waache kwa mtu unayemwamini, kisha nenda peke yako ukamwone baba. Kama hazipatikani, usikope kwa riba kubwa kwa sababu ya maneno ya watu. Mweleze mzee ukweli kwa simu, wala usimtajie tarehe usiyo na uhakika nayo.

Mhariri, mimi ni baba wa kijana aliyepata udahili katika chuo kikuu kimoja huko Uingereza, masomo yanaanza Septemba. Tumeshalipa sehemu ya ada. Je, ataruhusiwa kuingia wakati Tanzania iko kwenye orodha? – Mzee S., Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu. Ataruhusiwa. Kwa kanuni za Juni 2021, wanaozuiwa ni wageni wasio na haki ya kuishi Uingereza, wakiwemo wenye viza ya matembezi. Mwenye viza ya mwanafunzi anahesabiwa kuwa na haki hiyo, ila atapita hotelini kama wengine na atalipa pauni 1,750. Tafadhali kijana aandike mapema kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aulize mambo matatu: kama chuo kinachangia gharama ya hoteli, kama anaweza kuanza kwa intaneti akiwa nyumbani, na kama ada mliyolipa itatunzwa akiahirisha mwaka. Ajibiwe kwa barua pepe, si kwa simu. Na asisafiri siku mbili kabla ya masomo, kwa sababu siku za karantini zitamla wiki ya kwanza na ya pili.

Nimekatia familia yangu tiketi za Dar es Salaam za Agosti. Nikiamua kutokwenda, nitarudishiwa pesa? – M., Reading

Ndugu M., inategemea ni nani anayevunja safari. Ndege inayoondoka Uingereza ikifutwa na shirika lenyewe, sheria inakupa haki ya kurudishiwa nauli yote ndani ya siku 7, na hulazimiki kupokea vocha. Ndege ikiruka nawe ukakataa kupanda, orodha nyekundu peke yake haikupi haki ya kurudishiwa; utapata kile tu ambacho masharti ya tiketi yako yanaruhusu, na mashirika mengi, wakati huu wa janga, yanakubali kubadilisha tarehe. Kwa hiyo usiwe wa kwanza kufuta. Soma siku ya mwisho ya kubadilisha tarehe, subiri hadi ikaribie, na ikiwa bado ndege haijafutwa, sogeza safari mbele. Kama ulinunua kwa wakala, mdai wakala. Bima nayo isome kabla ya kuitegemea, kwa kuwa nyingi hazilipi pale ambapo Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza imeshauri watu wasiende.