Suruali ni tiáo, wadogo zangu

Jana pale Baima, soko la nguo la Guangzhou, China, nilimsikia mkalimani mgeni akiagiza suruali kwa jiàn, neno la kuhesabia mashati, badala ya tiáo. Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya ukalimani wa Kichina, sogeeni.

1. Neno likariri na liàngcí yake, yaani neno la kuhesabia kitu hicho. Usiimbe tu kùzi suruali, xiézi viatu, màozi kofia. Sema yì tiáo kùzi, yì shuāng xiézi, yì dǐng màozi, yí jiàn chènshān (shati). Ndiyo ngeli zao hizo. Mimi niliyajua haya darasani na mtihani nikafaulu, ila dukani, muuzaji akikuharakisha, ulimi hukimbilia jiàn. Mama mmoja wa Kariakoo alitaka jinzi 30 tu, ajaribu soko. Nikasema sānshí jiàn, yaani jiàn 30. Kwa shati, jiàn ni moja. Kwa muuza jumla, jiàn ni katoni nzima. Muuzaji akamletea mama kiti, akatumiminia chai. Nikasema moyoni, watu wakarimu hawa! Risiti ya mkono sikuisoma. Mama akatoa dìngjīn, malipo ya awali. Kesho yake kijana wa mkokoteni akafika stoo ya kago na katoni 30, anadai salio. Mzigo walikubali kuurudisha, dìngjīn hawakurudisha. Mama hakunifokea. Alikaa juu ya katoni, akafungua mkoba, akahesabu hela zilizobaki, akarudia kuzihesabu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Niliilipa ile hela kidogo kidogo, miezi saba. Lile swali bado ninalo.

2. Toni, yaani sauti kupanda na kushuka, hubadili maana. Bēizi kikombe, bèizi blanketi la pamba. Mǎi kununua, mài kuuza. Tamka kwa sauti kila asubuhi, jirani atazoea.

3. Sisi tunavaa kila kitu. Wao shati na viatu ni chuān. Kofia, miwani na saa ni dài.

4. Shísì ni 14, sìshí ni 40, na sokoni kuna wanaozitamka karibu sawa. Bonyeza kwenye kikokotoo, mwonyeshe. Lakini kikokotoo hakina liàngcí: 30 yangu ilikuwa sahihi kabisa! Kwa hiyo jifunzeni kuandika 条, yaani tiáo, kwa mkono, na mwambieni muuzaji aiandike kwenye risiti kabla mteja hajafungua mkoba.

Yule wa jana nilimwahi. Alikuwa ameshasema wǔshí jiàn, mteja wake anahesabu noti. Nilimshika bega, tukaomba risiti, tukaifuta, tukaandika 50条. Muuzaji alicheka, akasema hata yeye alianza kujiuliza.