Walikuja na Vikombe Vyao

Kwa miaka miwili nilisali Nakuru kila Jumapili bila kukosa, na hakuna aliyejua jina langu. Nilikuwa nimetoka Kakamega kufuata kazi, nikapanga chumba kimoja Kaptembwa na mwanangu mchanga. Nilikwenda misa ya kwanza, nikakaa benchi la nyuma, na baada ya baraka nikashika njia. Watu walinipa mkono wa amani, yakaishia hapo. Jioni nilimpigia mama simu nikimwambia niko salama. Nilikuwa salama kweli, ila ningeugua usiku nisingejua nigonge mlango wa nani.

Nakuandikia wewe uliye katika hali hiyo, kwa sababu najua mko wengi mijini, na najua haya ya kulisema.

Jumuiya sikuitafuta kwa kiu ya roho. Nilikwenda ofisi ya parokia kuuliza habari za ubatizo wa mtoto, na swali la kwanza likawa, "Jumuiya yako ni ipi?" Sikuwa nayo. Mkatoliki yeyote wa Kenya analijua swali hilo. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, ajenda yao ilikuwa kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, na ndiyo sababu leo majirani wanakutana nyumba kwa nyumba kusoma Injili ya Jumapili na kujuliana hali. Kama kanisa lako ni jingine, huenda kwenu ni ushirika wa nyumbani au kikundi cha maombi. Ninachosema kinahusu hicho pia.

Basi nikaanza kwenda kila Jumatano jioni. Lakini zamu yangu ya kupokea watu ilipofika, nilisingizia kazi. Ikafika tena, nikasingizia mtoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa na vikombe vitatu, na kimoja hakikuwa na mkono. Mara ya tatu mwenyekiti hakuniuliza. Alitangaza tu: "Wiki ijayo tunasali kwa dada yetu," akanitazama kwa upole.

Walikuja watu kumi na wanne. Wakakaa kitandani, kwenye mitungi ya maji iliyopinduliwa, wengine kizingitini miguu ikiwa nje. Tulipomaliza kusali nikasimama kupakua chai, moyo unanidunda. Hapo mama mzee tunayemwita Shosho akafungua fundo la leso yake, akatoa kikombe cha bati cha samawati kilichofungwa kwa gazeti. Baba aliyekaa karibu naye akatoa chake mfukoni mwa koti. Nikageuka, kila mtu alikuwa ameshika kikombe. Hakuna aliyesema neno.

Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba Shosho aliwahi kupita kunisalimu, nikampa chai, mimi nikanywa kwa kile kisicho na mkono. Alikuwa ameona. Wakati wa kuondoka aliacha kikombe chake mezani. "Hiki kikae hapa," alisema. "Nikija nisiwe mgeni."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: wacha wakuone ulivyo, mapema, kabla hujajipanga. Sisi tuliohamia mjini tunajisifu kwamba hatumsumbui mtu. Lakini mtu asiyeomba hata chumvi, majirani humheshimu wakampita. Omba kitu kidogo. Mwombe mtu akushikie mtoto nusu saa. Kesho naye atakuwa huru kukuomba, na hapo ndipo undugu unapoanzia.

La pili, chagua kikundi unachoweza kukifikia kwa miguu, ukae nacho mwaka mzima. Usipime kila wiki kama umefurahi. Kuna Jumatano nilirudi nyumbani nimechoka tu.

Tena uumie mahali hapo, maana utaumia. Mimi nilimweleza mama mmoja jambo la ndoa yangu, na baada ya siku nne nikalisikia kibandani nikinunua sukuma wiki. Nilikaa wiki sita bila kwenda. Nilikwisha kuulizia jumuiya nyingine.

Shosho alikuja. Hakunihubiria. Alinisimulia mwaka 2008, mwishoni mwa Januari, mapigano yalipofika Nakuru na watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho. Jumuiya hiyohiyo ilikuwa na makabila yaliyokuwa yakipigana. Walikaa miezi bila kukutana. Siku ya kwanza walifika watu watano. Wakaanza Baba Yetu, wakafika kwenye waliotukosea, sauti zikakata. Hakuna aliyeweza kuendelea. Walikaa kimya, kisha wakaaga, kila mtu akaenda kwake.

"Na wiki iliyofuata?" nikamuuliza.

"Tulirudi. Tulikwama palepale." Akahesabu kwa vidole. "Ya nne ndiyo tulimaliza."

Mimi nilikuwa nataka kuhama kwa sababu ya umbea.

Niseme wazi, kuna mambo ya kukuondoa bila kuangalia nyuma. Kiongozi akila michango yenu, akikutaka kimwili, au akikukataza kuongea na ndugu zako, toka, na uwaambie wengine. Kuvumiliana ninakokusema hapa ni kule kwa watu wanaokosea na kuona aibu.

Jumatano iliyofuata nilikwenda. Zamu ilikuwa ya mama yuleyule, nami nikabeba pakiti mbili za maziwa. Alinipokea mlangoni, akashika maziwa kwa mikono miwili, akasema, "Nilikukosea, dada." Nikamjibu kwamba ndiyo, alinikosea, na kwamba nimekuja. Hatukuwa marafiki wa kuambizana siri, na hadi leo siri zangu nampelekea Shosho. Lakini mwanangu alipolazwa kwa nimonia, usiku wa pili nikiwa sijafumba jicho, ni yeye aliyekuja wodini na blanketi yake, akaniambia nitoke nikalale.