Bukoba hadi Mtwara: Usiulize Kilometa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepangiwa kazi Mtwara, nyumbani ni Bukoba. Kwa ndege ni muda gani?" Siku hiyo nilishindwa kumjibu. Swali lenyewe niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya, nikakosa kumzika baba yangu.

Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili vimeachana kilometa 1,360 hivi. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilometa 600 kwa saa ingezimaliza kwa saa mbili na robo. Hesabu hiyo ndiyo niliyoipata kwenye simu usiku ule nilipoambiwa mzee hatunaye, na ndiyo niliyowatumia ndugu zangu: nisubirini, kesho mchana nipo.

Lakini abiria hapiti kwenye mstari ule. Akitoka Mtwara, anakwenda kwanza Dar es Salaam, kilometa 400 hivi, halafu anaanza upya safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kuvuka nchi, na pengine ndege inatua Mwanza njiani. Mimi nilikata tiketi mbili za mashirika mawili kwa kufuata unafuu. Ya kwanza ikachelewa kuondoka Mtwara. Nafika Dar, ya pili wameshafunga kaunta. Dada wa pale alinieleza kwa upole kwamba kuchelewa kwa wenzao hakuwahusu, na tiketi yangu ikafa hapo hapo. Nililala kitini nimekumbatia begi lenye kanzu niliyopanga kuvaa mazikoni.

Kesho yake tukakaa tena, tunasubiri mawingu yaondoke ziwani. Nilipoingia kijijini watu walikuwa wanakunja maturubai. Kaka yangu mkubwa alinipokea begi, hakusema neno. Angenitukana, ningeshapoa.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaotafuta riziki mbali na kwenu. Kateni tiketi moja, shirika moja, safari nzima, ili ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili iwe mzigo wao. Narudia: tiketi moja. Na ujue mlango wa pili wa Bukoba, ambao ni Mwanza. Kutoka hapo kuna meli ya MV Victoria inayosafiri usiku, na barabara ya Geita sasa haina foleni ya kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Jioni ile nilipokwama Dar kulikuwa na ndege ya Mwanza. Ningeipanda, nikakodi gari, ningeingia nyumbani kabla jeneza halijatoka ndani. Sikuuliza. Uliza! Kuuliza hakulipiwi nauli.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Bukoba na Mtwara weka siku nzima, na nyingine ya akiba. Siku wakikupigia usiku, usiwatajie saa ya kufika. Waombe wasogeze maziko kwa siku moja. Mimi ningewaomba, wangenikubalia.