Nyumba za mkate wa tangawizi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni nyumba gani ya ugenini iliyokuvutia kuliko zote, na ni kitu gani cha humo ungependa kukihamishia kwako?" Nimelisoma wakati wa mapumziko ya kazi, vidole vikiwa bado na vumbi la rangi kuukuu, kwa hiyo jibu langu litakuwa la fundi kuliko la mtalii. Mimi ni seremala mzaliwa wa Tanga, niliyejifunza kazi katika karakana ya mjomba wangu Mji Mkongwe, Unguja, na kwa miaka 9 sasa ninaishi Massachusetts, Marekani, ambako ninakarabati nyumba kongwe za mbao. Nyumba zilizonivutia kuliko zote ziko Oak Bluffs, mji mdogo katika kisiwa cha Martha's Vineyard, mwendo wa dakika 45 hivi kwa feri kutoka Woods Hole.

Watu wengi wakisikia nyumba za enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901 na ambaye jina lake lilivuka bahari likabandikwa hata nyumba za Wamarekani, huona kwa macho ya mawazo majumba makubwa yenye minara, madirisha ya vioo vya rangi na ngazi pana za mbao nyeusi. Nimefanya kazi katika majumba ya namna hiyo pia, na ufundi wake haukataliki. Hata hivyo hayanikai moyoni. Sebule zake zilipangwa kwa nia ya kumwonyesha mgeni kila kitu kwa mara moja: zulia juu ya zulia, mapazia mazito ya mahameli, sanamu, saa, ndege waliokaushwa ndani ya vioo, na kuta zilizobandikwa karatasi za maua, ambazo zile za kijani kibichi mara nyingi zilitiwa rangi yenye sumu ya aseniki. Mtu akipewa kikombe cha chai humo hajui akiweke wapi.

Oak Bluffs ni habari nyingine, na asili yake ni ya unyenyekevu. Mwaka 1835 Wamethodisti walianza kukusanyika katika msitu wa mialoni wa mahali hapo kwa mikutano ya injili ya majira ya joto, wakilala katika mahema yaliyopangwa kulizunguka jukwaa la mahubiri. Baada ya muda watu walichoshwa na turubai, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 wakawa wanajenga vijumba vya mbao pale pale yaliposimama mahema yao. Kwa kuwa kiwanja kilipimwa kwa ajili ya hema, nyumba nayo ililazimika kufuata umbo la hema: nyembamba, yenye paa la mteremko mkali, na mbele yake mlango wa mabawa mawili unaofunguka kama pindo za turubai zilizokunjwa huku na huku. Juu ya mlango huning'inia roshani ndogo inayowatosha watu wawili wasiogombana. Vijumba kama 300 vimebaki hadi leo, vimebanana kulizunguka banda la ibada la chuma lisilo na kuta, lililojengwa mwaka 1879. Ardhi ni mali ya chama kinachosimamia mikutano hiyo, na mwenye nyumba hukodi kiwanja tu.

Kuta za vijumba hivyo zilijengwa kwa ubao wa tabaka moja, uliosimamishwa wima na kuunganishwa kwa ulimi na mfereji, bila plasta na bila ukuta wa pili wa ndani. Ukipiga chafya chumbani kwako, jirani wa nyumba ya pili anakwambia "afya".

Kinachowafanya watu wasimame njiani na kupiga picha, lakini, ni mapambo ya mbao yaliyokatwa tundutundu na kupigiliwa kwenye ukingo wa paa, kwenye roshani na kati ya nguzo za baraza: maua, mawimbi, majani, mioyo, matone. Wamarekani huyaita mkate wa tangawizi, kwa kuyafananisha na urembo wa sukari unaochorwa juu ya mikate ya namna hiyo, na mtindo wenyewe wa paa kali na madirisha yaliyochongoka huitwa Gothiki ya Seremala, jina ambalo sitaficha kwamba linanipendeza. Mbao hizo hazikuchongwa kwa patasi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misumeno myembamba ya mashine, inayopanda na kushuka kwa nguvu ya mvuke, ilienea katika viwanda vya mbao, na kazi ambayo mchonga nakshi angeifanya kwa wiki nzima ikawa ya saa chache. Mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuvisha nyumba yake maua kwa bei anayoimudu.

Nilipoyaona mara ya kwanza niliyadharau. Nimelelewa kwenye milango ya Unguja, ambayo fundi huinamia miezi kadhaa, na nilijua mjomba angeziita mbao hizi kazi ya kukata biskuti. Dharau hiyo iliniisha mwaka wa tatu wa kazi yangu, nilipopewa kipande cha ukingo wa paa, ile mbao ambayo mafundi wa kwetu huiita fisha bodi, ambacho ncha yake ilikuwa imeoza kwa maji. Nilikiteremsha, nikakilaza juu ya benchi na kuanza kukikwangua taratibu, huku nikikilowesha maji muda wote, kwa kuwa rangi za zamani zina madini ya risasi, na Marekani haikuzipiga marufuku majumbani mpaka mwaka 1978, hivyo vumbi lake si la kuvuta puani. Juu kulikuwa na waridi, chini yake nyeupe, tena nyeupe, kisha kijani cha majani makavu, na mwisho kabisa, iliyonywewa na ubao wenyewe, rangi ya ukwaju ulioiva. Rangi kama hiyo ndiyo aliyoihubiri Andrew Jackson Downing, mbunifu wa bustani aliyefundisha taifa zima namna ya kujenga nyumba za mashambani kabla hajafa akiwa na miaka 36 katika ajali ya meli ya mvuke iliyoungua kwenye mto Hudson mwaka 1852. Nyumba nyeupe zilimkera, na alitaka kuta ziwe na rangi ya udongo, mawe na majani makavu.

Nilipokigeuza kipande kile, upande wa nyuma ambao haukuwahi kupakwa chochote, niliona mstari wa penseli. Fundi alikuwa ameuchora mkunjo wa jani, kisha katika kona moja msumeno ukamponyoka na kukata nje ya mstari kiasi cha unene wa kucha, naye akaurudisha ndani na kuendelea. Kosa hilo lilikuwapo kwenye jani moja tu kati ya majani 14. Mashine ilikuwa inapandisha na kushusha msumeno, lakini ubao ulikuwa unasukumwa kwa mkono wa mtu, tena mtu mwenye haraka. Nilipotengeneza ncha mpya sikuiga kosa lake, ila sikulisahihisha pia. Lipo mpaka leo, limefunikwa kwa rangi ya waridi aliyoichagua mwenye nyumba.

Ndani ya vijumba hivi kuna mambo machache ya kueleza, na uchache huo ndio uzuri wake. Viti vya henzirani vilivyopakwa rangi nyeupe, kiti cha bembea barazani, blanketi la viraka kitandani, birika la enameli lililobanduka mdomoni, taa ya chemni, sahani za kauri zisizolingana zikiwa zimesimamishwa kwenye rafu. Katika nyumba nilizofanyia kazi, vitu hivi vilifika kisiwani kwa kustaafishwa: kiti kikianza kulegea miguu katika nyumba ya mjini, hupelekwa Oak Bluffs. Siku hizi mtindo huo umekuwa biashara, na maduka yanauza meza mpya zilizosuguliwa msasa pembeni ili zionekane zimechakaa. Mimi hulipwa niondoe uchakavu, na wenzangu hulipwa wautengeneze. Riziki haina fomula.

Vile vile, juu ya migongo ya viti vya sebule za zama hizo palikuwa na vitambaa vya kufumwa kwa kroshia. Wanaume wa karne ya 19 walijipaka nywele mafuta yaliyoitwa ya Makassar, kwa jina la bandari iliyoko Indonesia ya leo, na mafuta hayo yaliharibu viti, ndipo vitambaa vikawekwa kuvikinga, na jina lake kwa Kiingereza lina maana hiyo hiyo ya kinga dhidi ya Makassar. Nilicheka peke yangu nilipoelezwa, maana mama yangu pale Tanga ana vitambaa vya kochi visivyohesabika, alivyojifunza kuvifuma kwa masista wa misheni, na hakuna mtu yeyote wa nyumbani kwetu anayejipaka mafuta ya Makassar.

Kuna undugu mwingine usiochekesha. Piano ilikuwa fahari ya sebule ya Kimarekani, na vibao vyake vyeupe vilitengenezwa kwa wingi katika miji miwili ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, mji ambao hata jina lake ni la pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara hadi pwani na wapagazi, wengine wao watumwa. Kule Connecticut zilipasuliwa vipande vyembamba na kuanikwa juani chini ya paa za vioo mpaka ziwe nyeupe. Vanishi bora ya samani nayo ilipikwa kwa sandarusi, utomvu wa miti uliogandana ardhini, iliyochimbwa Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Zanzibar, na kupitia Zanzibar hadi Salem, bandari ya Massachusetts iliyotuletea pia kitambaa cha merikani. Kwa hiyo ninapoingia katika sebule kubwa na mwenyeji akanifunulia piano ya bibi yake, mimi huitazama kwa adabu na kuuliza kuhusu madirisha. Sidai kwamba wenye vijumba vya Oak Bluffs hawakuwa na piano mijini kwao.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali. Kitu ambacho ningekihamisha ni ule ukingo wa paa wenye mapambo, nao si mgeni kabisa katika pwani yetu. Atakayepita barabara ya Mizingani, Unguja, ataiona ile hospitali ya zamani yenye roshani za mbao zilizokatwa kama lesi, ambayo tajiri Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa huyo huyo Victoria, na ambayo ilikamilika mwaka 1894 baada ya yeye kufariki. Tatizo ni mbao. Msonobari wanaoutumia hapa ungekuwa chakula cha mchwa wa Tanga kabla rangi haijakauka, kwa hiyo nimechagua mtiki, unaopandwa Muheza jirani na kwetu, na kila ncha itakunywa mafuta kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu tone la mvua hukaa pale pale kwenye ncha na kuoza huanzia hapo.

Mama, ambaye nyumba ya Tanga ninayotaka kuipamba ni yake, alikuwa na masharti. Mioyo aliikataa, akisema, "Mwanangu, mioyo ni ya kadi za harusi." Alitaka kujua popo watalala wapi na vumbi litafutwaje. Hatimaye alinitumia kwa simu picha ya kitambaa chake kimoja cha kochi, cha ua lililozungukwa na mawimbi, nami nikakichora upya kwenye karatasi, nikakata kipande cha mfano kwa msumeno wa umeme na kumpigia picha. Alijibu usiku wa manane kwa saa za huku: ua lake lina petali 8, mimi nimekata 7.