Datsun 240Z ya 1972 na siku ya treki Donington: fundi anajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mwaka jana nilinunua Datsun 240Z ya 1972. Aliyeniuzia alikuwa ameshaibadilisha: alitoa injini ya asili akaweka ya lita 2.8 kutoka 280ZX, Datsun ya baadaye, akafunga kabureta tatu za Weber 40, springi fupi, rimu za inchi 15 na tairi za kisasa. Breki ni zile zile za kiwandani, ila pedi ni mpya. Nimejiandikisha siku ya treki Donington Park, zimebaki wiki sita. Sijawahi kuendesha kwenye kiwanja cha mbio. Nianzie wapi? Halafu baba yangu atakuwa amekuja kututembelea. Ana miaka 70, mpaka leo anahadithia 240Z za Safari Rally, na ameomba akae kando yangu. Nimchukue? — Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu gari hilo lina nafasi moyoni mwangu. Nilikuwa mtoto Mombasa 240Z iliposhinda Safari mara mbili: 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka ambao Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi za adhabu sawasawa na ushindi ukabidi uamuliwe kwa sheria ya walio sare. Baba yako anajua anachokihadithia.

Kwa wasomaji wasioijua siku ya treki: mwandaaji hukodi kiwanja cha mbio, kisha watu wa kawaida hulipa na kuleta magari yao wayaendeshe bila hofu ya polisi wala lori la kuja mbele yako. Si mashindano. Hakuna kupimwa muda, hakuna mshindi. Unahitaji leseni yako ya kawaida, helmeti, na nguo zinazofunika mikono na miguu.

Sasa tuje kwenye gari lako. Aliyekuuzia alinunua mwendo. Kusimama alikuachia wewe. Injini ya asili ya 240Z ina sentimita za ujazo 2,393, na hii yako ina 2,753 pamoja na kabureta tatu, lakini breki zilizobaki chini yake ni za mwaka 1972: mbele diski nzima isiyo na nafasi ya kupitisha hewa na kalipa (kishikio kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni mbili, nyuma ngoma. Barabarani hutaona kasoro, kwa sababu ukishafunga breki mara moja kwenye mzunguko wa barabara wa Leicester zina dakika tano za kupoa. Donington utazikanyaga kwa nguvu mara kadhaa katika kila raundi, na raundi haifiki dakika mbili na nusu. Hazipati nafasi ya kupumua.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Nina Escort ya 1979 niliyoifunga injini ya Ford ya miaka ya 90. Mwaka niliokwenda Donington mara ya kwanza mgongo ulikuwa unanisumbua, nikashindwa kulala chini ya gari, nikaipeleka gereji moja wanifanyie breki. Kwenye risiti waliandika wamebadilisha mafuta ya breki. Niliamini karatasi. Raundi ya sita, mwisho wa mstari ulionyooka mbele ya piti (pale magari yanapotokea kuingia treki na kurudi kupumzika), naikaribia kona ya Redgate, nikakanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni kama nimekanyaga sifongo. Nilipampu mara tatu za haraka, nikashusha gia, na gari likaenda moja kwa moja kwenye changarawe likasimama hapo. Hakuna aliyeumia. Jioni, nyumbani, nilifungua nipo ya kalipa ya mbele, yakatoka mafuta meusi kama chai ya rangi. Hayakuwa yameguswa kwa miaka.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limelala gereji. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155, na joto hilo kalipa yako italifikia asubuhi tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako huishia kubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ndiyo maana pedi mpya peke yake hazinipi raha hata kidogo. Yamwage yote, magurudumu yote manne, uweke mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, wiki moja kabla ya kwenda. Fanya mwenyewe, au simama hapo fundi akifanya. Na uliza jambo moja zaidi: wenye magari ya zamani wengi huku hutumia mafuta ya silikoni, DOT 5, kwa sababu hayaharibu rangi ya gari. Kwa gari la maonyesho ni sawa. Yakipata joto la treki pedali hulegea, na hayachanganyiki na DOT 4 hata tone. Ukikuta ndiyo yaliyomo, mfumo mzima usafishwe kabla ya kubadilisha.

Mipira ya breki, ile inayokwenda kwenye kila gurudumu, itoe uweke mipya. Kama ni ya miaka mingi huvimba ndani na nje ikabaki inang'aa.

Pedi nazo, ulizia zimetengenezwa kwa joto gani. Za kawaida za mjini zikipita joto lake huteleza juu ya diski, unakanyaga kwa nguvu zote na gari linaendelea tu. Tafuta za katikati, zinazoshika zikiwa baridi na kuvumilia treki, kwa sababu gari hilo hilo ndilo la kukurudisha nyumbani.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, wenye 240Z wana njia yao ya miaka mingi ambayo itamfurahisha mzee wako: kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux za 4x4. Ndiyo, hizi hizi Hilux za kwetu. Zinakaa kwenye mguu wa springi ya mbele ya 240Z karibu bila kubadilisha kitu, unakata tu ile sahani ya kuzuia vumbi. Chagua zile za diski nyembamba kama utabaki na diski yako. Ila ujue kalipa kubwa inameza mafuta mengi zaidi, pedali itashuka kidogo, ndiyo sababu wengi hufunga na masta silinda (pampu kuu ya breki) ya 280ZX. Na ukiongeza nguvu mbele tu, magurudumu ya mbele yatafunga mapema kuliko ulivyozoea. Hilo ulijaribu mahali patupu kabla, usilijifunzie Redgate. Kama fedha au muda hautoshi, baki na za kiwandani, mafuta mapya, pedi nzuri, na uendeshe raundi tatu nne kisha utoke upoe. Wiki sita ni chache. Mimi binafsi ningechagua hivyo kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo la sheria ya huku linalonitia wasiwasi. Gari lililopita miaka 40, kama halijabadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Wenye magari walifurahi, lakini maana yake ni kwamba huenda hakuna mtu mwingine aliyeliangalia gari lako kwa chini tangu lilipobadilishwa. Pandisha kwenye lifti. 240Z huoza kimyakimya: kwenye reli za sakafu, chini ya trei ya betri, sehemu za springi za nyuma. Tairi za kisasa zinashika lami kuliko zile walizozifikiria Nissan, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye bati lile la zamani. Bushi, boliti za stelingi, bolijointi, bearingi, zote zishikwe kwa mkono. Ukikuta kutu iliyotoboa, usiende. Rudisha tiketi, au ipoteze.

Soma na tarehe ya tairi: tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kwangu mimi hiyo ni tairi ya kutupa, hata kama kashata zimejaa.

Injini. Kwenye kona ndefu mafuta ya injini hukimbilia upande mmoja wa sampu, ile trei ya oili chini ya injini, na pampu ikavuta hewa. Kama sampu haina vizuizi vya ndani, jaza oili hadi alama ya juu kabisa ya kijiti na uangalie geji ya presha kila unapotoka kwenye kona. Ikitetemeka, toka. Petroli nayo iwe zaidi ya nusu tangi, la sivyo utasikia injini inakata katikati ya kona na utadhani ni plagi. Mwambie fundi akague boliti za Weber na mabomba ya petroli. Ninayoyaogopa zaidi kwenye gari hilo ni petroli inayodondoka juu ya ekzosi. Beba kizima moto na kifungwe sawasawa, kisizunguke sakafuni. Jambo dogo: 240Z huvuta moshi wa ekzosi ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma na taa za nyuma. Ukiumwa kichwa kabla ya chakula cha mchana, tafuta hapo.

Kelele. Donington iko jirani na uwanja wa ndege wa East Midlands, lakini wanavijiji hawakukubali kelele mbili. Watakupima ukiwa umesimama, kipimo nusu mita kutoka ekzosi kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa robo tatu ya mzunguko wake wa juu, kisha wanakupima tena ukipita. Kiwango cha siku yako kimeandikwa kwenye tiketi. Desibeli 98 ni cha kawaida. Weber tatu zisizo na boksi la hewa hunguruma kwa mbele pia, na wengi hufaulu wakiwa wamesimama wakafeli wakipita. Funga chujio za hewa. Nimeona watu waliosafiri kwa muda wa saa nne wakirudishwa saa tatu asubuhi.

Hujaniambia kama lina keji, yaani mabomba ya chuma ya kukulinda gari likipinduka. Kama lina mabomba karibu na kichwa chako, yavishwe sponji ngumu ya kazi hiyo, na usiliendeshe mjini hivyo bila helmeti. Na bima: ile ya barabarani mara nyingi haihusiki na treki. Kuna ya siku moja. Inunue, au kubali moyoni kwamba gari hilo unaweza kuliacha pale.

Siku yenyewe, fika mapema. Maelezo ya asubuhi ni lazima, na usikilize hata ukidhani unajua, hasa sheria ya kuovateki: kwa kawaida ni upande mmoja tu, na aliye mbele ndiye anayekupa ruhusa. Bendera ya njano ni hatari mbele, usipite mtu. Nyekundu, punguza mwendo urudi piti bila kufunga breki za ghafla. Nyeusi ni yako, wanakuita. Chukua mwalimu kwa kipindi kimoja. Bei yake ni ndogo kuliko ya mlango mmoja wa 240Z.

Ukishapita Redgate lami inashuka kona za Craner, inapinda huku inateremka, hadi kona ya Old Hairpin kulia chini kabisa. Hapo ndipo gari lenye springi fupi na injini yenye nguvu zaidi hukwambia ukweli. Usiondoe mguu kwenye mafuta ghafla ukiwa kwenye mteremko ule, mkia utatoka. Punguza mapema, juu, gari likiwa limenyooka, kisha shuka kwa mguu mwepesi usiobadilika. Siku ya kwanza ipite Craner kwa aibu kabisa. Kila raundi ya mwisho kabla ya kutoka iwe ya kupooza breki, na ukishaegesha usivute handbreki. Acha gari kwenye gia na uweke jiwe kwenye gurudumu.

Mzee sasa. Waandaaji wengi huruhusu abiria, awe na helmeti na atie sahihi yake. Muulize kwanza presha na shingo, si kwa kumvunjia heshima. Helmeti iwe ya kipimo chake, usimvike ya kuazima inayocheza. Na asikae kando yako kipindi cha kwanza wala cha pili. Hapo bado wewe na gari mnatambuana. Mchukue cha tatu, kabla ya chakula, wewe ukiwa hujachoka. Raundi tatu kwa mwendo wa kati, ya nne ya kupooza breki. Mwambie mapema kwamba Craner tumbo litapanda, na mkubaliane ishara: akigusa goti lako mara mbili, unatoka piti bila kuuliza.

Kisha niandikie alisema nini aliposhuka.